Shubiri ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye ninayeishi kwake. Ana mikono mikubwa. Simaanishi mikono iliyokomaa kwa kazi, hiyo kila mtu hapa anayo. Namaanisha mikubwa. Akishika kikombe cha chai, kikombe hukioni, unaona mvuke tu unatoka katikati ya vidole. Akienda dukani kutafuta glavu za bustani, muuzaji anamuuliza mumewe anavaa namba ngapi, na mumewe akijaribu glavu hizo anaweza kuingiza mikono yote miwili katika moja.

Baba mkubwa ni fundi baiskeli. Ni mwembamba kama spoku, zile waya za gurudumu anazozinyoosha kutwa nzima pale uani. Anawaambia wateja wake, "Mke wangu hajawahi kumpiga mtu kofi. Siku akimpiga, itabidi tumtafutie nauli ya kurudi." Mama mkubwa anayasikia yote hayo kutoka nyuma ya nyumba, anacheka kwa pua, anaendelea kukanda udongo.

Kukanda udongo ndiyo kazi yake, kwa sababu anajenga majiko ya kikundi.

Kikundi chetu cha mazingira hakina ofisi. Kina daftari moja, kina filimbi nne, na kinakutana barazani kwetu kwa kuwa sisi ndio wenye benchi refu. Filimbi ni za zamani, za wakati ule wanachama walipokuwa wanalinda msitu wa mlimani kwa kukimbiza watu. Ukimwona mtu na mzigo wa kuni, unapiga filimbi na unakimbia. Shida ni kwamba waliokuwa wanakimbizwa ni watu wetu wenyewe. Mwanachama mmoja alimkimbiza mtu bondeni mpaka mtoni, kumbe ni mama mkwe wake, na hadi leo wanasalimiana kwa kupitia watoto. Baada ya hapo kikundi kikakaa chini kikakubaliana kwamba hakuna anayeuchukia mti. Watu wanataka kupika. Basi badala ya kumkimbiza mpishi, tupunguze ulaji wa moto.

Mwalimu wa majiko alikuja mara moja tu, akakaa siku mbili, akiwa na utepe wa kupimia. Alipima, akajenga jiko moja jikoni kwetu, akaondoka na utepe wake. Mama mkubwa hakuandika kitu. Kila mahali utepe ulipogusa, yeye aliweka mkono wake palepale, akasema kimoyomoyo, akakariri. Mlango wa kuni, shubiri moja, yaani kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kimetanuka. Kimo, shubiri mbili na vidole vinne. Njia ya moshi, ile inayotoka chini ya sufuria kwenda kwenye dohani, mkono upite uende na urudi. Hii ya mwisho aliipenda kuliko zote. "Mkono ukipita," anasema, "moshi hauna sababu ya kulalamika."

Ujenzi wenyewe nimeuona mara nyingi mpaka naweza kukueleza nikiwa nimefumba macho. Udongo wa kichuguu, mchanga kidogo, majani makavu yaliyokatwakatwa, kinyesi cha ng'ombe. Unakanyagwa kwa miguu, unalazwa siku tatu chini ya gunia. Halafu vipande vya shina la mgomba vinawekwa kama umbo, kimoja pa mlango, kimoja pa sufuria, chembamba pa njia ya moshi, na udongo unashindiliwa kuvizunguka. Ukishika kidogo, mashina yanachomolewa, mashimo yanabaki. Kisha jiko linaachwa likauke wiki tatu, na katika wiki tatu hizo mama mkubwa hupita nyumba hiyo bila taarifa kuangalia kama kuna mtu amewasha kwa siri.

Kwa njia hiyo alijenga majiko arobaini na matatu. Mafiga yanakula mzigo mzima wa kuni kwa sufuria moja ya maharage. Jiko lake linakula vijiti vitano, na ukiliangalia vizuri ni kama linakuuliza una sufuria nyingine.

Hapo ndipo kijiji kilipokubali. Mkutano wa kijiji uliamua kuufunga msitu wa mlimani miaka mitatu, asiingie mtu na panga wala shoka, ili miti ipate kupumua na chemchemi ya chini yake isikauke. Sharti lilikuwa moja, kila nyumba ipate jiko la kikundi, na jiko lifanye kazi. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza nani anasimamia ahadi hiyo. Wanachama wakatazamana. Mama mkubwa akasimama, kwa sababu yeye akiona kimya anadhani ameitwa.

"Mimi," alisema. "Majiko ya kikundi yakishindwa, fungueni msitu, na mimi ufundi naacha siku hiyohiyo."

Baba mkubwa aliniambia baadaye kwamba alijaribu kumvuta gauni akae, lakini ni kama kuvuta ukuta.

Nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi kwa fundi mmoja, kwa hiyo alifundisha watu watatu. Wa kwanza ni fundi cherehani wa njiapanda, msichana mdogo wa umbo, makini mpaka anatia hasira, anayekata kitambaa huku amezuia pumzi. Wa pili ni mchimba visima, jitu la mtu, akisimama mlangoni chumba kinakuwa giza. Wa tatu ni mkunga, ambaye amestaafu lakini hajaacha tabia ya kuweka sikio kwenye kitu na kusikiliza. Mama mkubwa aliwaonyesha wiki mbili. Shubiri moja. Shubiri mbili na vidole vinne. Mkono upite. Wakaitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Wakaenda, kila mmoja upande wake, wakajenga majiko ishirini na tisa.

Yakakauka. Yakawashwa. Na jirani yetu Redio akaja.

Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Hakuingia hata uani, alianzia nje ya uzio.

"Jirani, jiko lako linanitoa machozi kuliko msiba wa mjomba wangu."

"Jiko langu?" mama mkubwa akauliza.

"La mwanafunzi wako, yule wa cherehani. Mwanafunzi si wako?"

"Kuni zako mbichi."

"Kuni zimekauka kuliko mimi."

"Basi unajaza."

"Vijiti vitatu, jirani. Vitatu. Nikiweka kimoja, moshi. Nikilitazama tu, moshi. Jana nilimwita mume wangu aje kula, akaniuliza niko wapi, na nilikuwa nimekaa mbele yake."

Mama mkubwa alicheka, akadhani yameisha. Kesho yake wakaja wanawake wanne. Keshokutwa hakuna aliyekuja kwetu, walikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumanne jioni mwenyekiti akatuma ujumbe kwamba Jumamosi kuna mkutano, na ajenda ni moja tu, kufungua msitu. Watu wawili walishaonekana wananoa mashoka pale kwenye jiwe la njiani, bila haraka, kama watu wanaojua jibu.

Baba mkubwa alisoma ujumbe huo mara mbili, akaukunja. "Siku nne," alisema. "Au uanze kunifundisha kupika kwenye mafiga."

"Majiko hayana kosa," mama mkubwa akasema. "Ni wale hawakupima."

Aliwaita wanafunzi wake wote watatu. Walikuja wawili. Fundi cherehani alikaa ukingoni mwa benchi, ameinama kama anatafuta sindano iliyoanguka.

"Nilipima kila kitu, mama," alisema. "Kila kitu. Mara mbili."

"Mbona yanarudisha moshi?"

"Sijui, mama."

Mkunga yeye hakuwa na wasiwasi. "Yangu hayarudishi moshi mwingi. Yanachelewa tu kushika moto. Nimeyasikiliza, yanapumua. Tuyape muda."

"Mkunga, hilo ni jiko. Halizai."

"Nasema tu nilichosikia."

Mchimba visima hakuja kwa sababu alikuwa kazini, na kazini kwake ni chini ya ardhi. Jumatano asubuhi mama mkubwa akamfuata. Kwanza alipita kwa mzee mmoja mjane, ambaye jiko lake lilijengwa na huyo mchimba, ili alione kwa macho yake. Mzee alimpokea vizuri. Alipotaka kuinama pale mlangoni mwa jiko, mzee akamzuia kwa mkono.

"Taratibu, mama. Ameatamia."

Ndani ya jiko, kwenye mlango wa kuni, alikuwa amekaa kuku. Amejinafasi, ana mayai tisa, na bado palikuwa na nafasi ya mgeni.

"Kwa kupikia linakula kuni kama limeajiriwa," mzee akasema. "Mzigo mzima kwa chai. Lakini kwa banda la kuku, nakushukuru sana. Sijawahi kupata bora."

Mama mkubwa alitoka pale kwa mwendo wa haraka. Alifika kwenye kisima, mimi nikiwa nyuma yake na kikapu, akainama kwenye ukingo. Huko chini humwoni mtu, unasikia sululu tu.

"Wewe," akaita. "Mlango ulipima shubiri ngapi?"

Sululu ikanyamaza. Sauti ikapanda polepole, nzito, kama kisima chenyewe kinajibu. "Moja, mama fundi. Kama ulivyosema."

"Una hakika?"

"Moja. Kimo, mbili na vidole vinne. Mkono ukapita ukaenda na ukarudi."

"Mbona kuna kuku ndani?"

"Hiyo hukutufundisha, mama."

Tulirudi nyumbani. Hakula mchana. Aliyalaumu mashina ya migomba kwamba siku hizi yanakua ovyo, akalaumu kichuguu, akalaumu upepo wa upande ule. Baba mkubwa akamkumbusha kwamba upepo wa upande ule ndio huuhuu wa upande huu, umepita tu. Akamlaumu na yeye.

Alhamisi akaenda kwa Redio.

Jikoni kwa Redio kulikuwa kweusi mpaka dari. Jiko lilikuwa zuri kwa macho, limesuguliwa kingo, limenyooka kama pindo la gauni, unajua tu aliyelijenga ni mtu wa cherehani. Mama mkubwa aliliwasha kwa vijiti viwili. Moshi ukatoka mlangoni, ukatutazama, ukaja. Akauzima moto kwa majivu, akangoja jiko lipoe.

"Njia imeziba," akasema. "Kipande cha mgomba kimebaki ndani. Ngoja."

Akapiga magoti, akaingiza mkono mlangoni, akaunyoosha mpaka nyuma, kwenye njia ya moshi. Kama anavyofundisha, mkono upite uende na urudi. Akasukuma. Mkono ukagoma, akasukuma tena kwa bega. Ukaenda.

Haukurudi.

Alivuta mara moja, kwa heshima. Alivuta mara ya pili. Akatulia, shavu limegusa udongo, akatazama ukuta.

"Kuna nini?" Redio akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona huinuki?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini na bega limo ndani ya jiko langu?"

Mama mkubwa akafumba macho. "Umebana," alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nileteeni nyundo, tuvunje."

Sasa, huyu Redio ndiye aliyezunguka kijiji kizima akisema majiko yavunjwe. Alisimama mbele ya jiko lake akatandaza mikono.

"Halivunjwi."

"Jirani, wewe si ndiye uliyesema ni bovu?"

"Ni bovu, lakini ni langu. Nilibeba udongo madebe sita kwa kichwa changu. Utakaa humo mpaka upungue."

Aliposema hivyo akatoka nje, na hakwenda mbali. Aliwaambia watu wawili tu, kwa kweli wawili tu, nilihesabu. Ilitosha. Kwa muda mfupi dirisha la jikoni lilijaa vichwa. Mtu mmoja alimuuliza mama mkubwa kama anahitaji mto. Mwingine alisema kikundi sasa kimeingia kwenye majiko kwa miguu yote miwili, akasahihishwa kuwa ni kwa mkono mmoja. Baba mkubwa alifika na spana mfukoni, akazunguka jiko akilichunguza kama baiskeli iliyoletwa imepinda.

"Wewe uko sawa?" akamuuliza.

"Niko sawa."

"Nikuletee chai?"

"Nitaishika na nini?"

Fundi cherehani ndiye aliyekuja mbio, utepe wa kushonea bado uko shingoni, uzi mweupe umenasa kwenye nywele. Alipoona, alijifunika mdomo. Hakucheka. Alipiga magoti upande wa pili, akaomba maji ya sabuni, akamwaga kidogokidogo kutoka juu, kwenye shimo la sufuria. Kisha akateremsha mkono wake mwenyewe kwenye shimo hilo, ukaingia bila kugusa kitu, akaupitisha kwenye njia ya moshi ubavuni mwa ule wa mama mkubwa, kwenye upenyo uliobaki.

"Mama, legeza vidole. Hivyo. Vikunje kama unaingiza mkono kwenye shati linalobana."

Walikuwa wamekaribiana uso kwa uso. Mama mkubwa akawa anatazama ule mkono mdogo unavyoingia na kutoka na sabuni, ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, hauna wasiwasi wowote.

"Hapa ulipimaje?" akauliza taratibu.

"Mkono upite uende na urudi, mama. Kama ulivyosema."

"Na ukapita?"

"Ulipita vizuri kabisa, mama. Naapa. Si unaona?"

Mama mkubwa akauona. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo karibu na mlango, na niliona uso wake ukibadilika polepole. Kwanza kama mtu anayetafuta jina la mtu. Halafu kama mtu aliyelipata na anatamani asingelipata.

"Shubiri yako," akasema. "Iweke hapo mlangoni."

Fundi cherehani akautoa mkono, akautandaza kwenye mlango wa kuni. Dole gumba huku, kidole cha mwisho kule. Ulienea sawasawa, usingepitisha hata unywele. Mama mkubwa akatandaza mkono wake uliokuwa huru juu ya ule. Wa msichana ukapotea chini yake, mzima, na mkono wa mama mkubwa ukaendelea kwenye udongo wa pande zote mbili.

Pale dirishani watu wakanyoosha shingo kuona. Hata Redio.

"Mlango mdogo," mama mkubwa akasema, anajieleza mwenyewe. "Kuni zikiingia, hewa haina pa kupita. Njia ndogo. Moshi unafika pale, unaona foleni, unarudi." Akavuta pumzi. "Na yule wa kisima ana mikono kama makoleo."

Mkono ulitoka kwa kelele ya sabuni, bila kuvunja kitu.

Jioni hiyo wote watatu walikuwa barazani kwetu, mikono mezani. Mdogo, wa katikati, na ule wa mchimba visima, ambao ulimfanya hata mama mkubwa aonekane wa kawaida kwa mara ya kwanza maishani. Shubiri ya mkunga ilikuwa fupi kuliko ya mama mkubwa kwa upana wa vidole viwili tu, ndiyo maana majiko yake yalikuwa yanapumua. Baba mkubwa aliitazama mikono ile yote, akafuta meza kwa kitambaa cha grisi.

"Mimi nilioa nikijua," alisema. "Ninyi ndio hamkuuliza."

Kisha akaleta spoku za zamani, akamwomba mama mkubwa atandaze shubiri yake juu ya meza asiivute wala asiilegeze, akakata. Akakata nne, akazipanga, akazipiga tupa mpaka zikalingana. Akakata nyingine fupi za upana wa kiganja cha mama mkubwa, za kupimia njia ya moshi. Kila fundi akapewa zake. Mchimba visima aliweka zake nyuma ya sikio na hazikuonekana tena.

Dawa ilikuwa imepatikana, lakini Jumamosi ilikuwa palepale, na udongo hauharakishwi. Majiko ishirini na tisa hayakauki kwa siku moja.

Ijumaa fundi cherehani alikuja peke yake. Alisimama mlangoni.

"Mama, kesho waambie ni mimi. Mabovu zaidi ni yangu kumi na moja. Mkisema ni mimi nilikosea, watanitoa mimi, na msitu utabaki."

Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nenda kashone," alisema.

Mkutano ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye uzio. Wale wenye mashoka walikaa mbele, nadhifu, wamechana nywele. Redio alipewa nafasi ya kwanza kama mlalamikaji, akasimulia moshi, akasimulia machozi, halafu akasimulia mkono, na kwa kuwa waliokosa kuuona walikuwa wengi, alisimulia mara mbili na kuigiza. Watu walicheka mpaka mwenyekiti naye akageuka pembeni kufuta miwani.

Alipogeuka tena alikuwa mkali. "Jiko hilo alijenga nani?"

Watu wakamtazama fundi cherehani. Alikuwa amejikunja kwenye benchi, mdogo zaidi ya siku zote.

"Kama ni fundi mmoja aliyeharibu," mwenyekiti akaendelea, "tumwondoe, tujadili upya. Kama ni majiko yenyewe, tunafungua msitu leo. Mama fundi, sema. Ni fundi au ni majiko?"

Ungeona jinsi njia ilivyokuwa wazi. Neno moja tu na yeye angebaki fundi, msitu ungebaki umefungwa, na msichana angerudi kwenye cherehani yake. Mama mkubwa alisimama. Aliitazama mikono yake pande zote mbili, mpaka mtu mmoja akakohoa kumsaidia.

"Ni mimi," alisema. "Niliwafundisha kwa mkono wangu, nikasahau kwamba mkono ni wangu. Hawa walifanya nilichosema, kila mmoja kwa mkono aliopewa. Huyu binti alipima mara mbili. Mimi sikupima hata mara moja, nilijiamini tu. Wenye majiko yangu arobaini na matatu, kuna ambaye jiko lake linatoa moshi? Asimame."

Hakuna aliyesimama.

"Basi jiko halina kosa. Shubiri ndiyo yenye kosa. Nipeni mwezi mmoja tuyarekebishe yote. Msipotaka, nilishasema, ufundi naacha. Lakini nimeacha mimi. Asiachishwe mtu mwingine."

Akakaa. Mwenyekiti akamtazama kwa mashaka. "Mikono ya watu inatofautiana kiasi hicho?"

Hilo lilikuwa kosa lake. Mchimba visima, ambaye huchukua kila swali kama lilivyo, alisogea mbele akatandaza mkono wake mezani pembeni ya ule wa fundi cherehani. Watu wakainuka kuona. Halafu kila mtu akataka kujua wake. Wakaanza kupimana viganja, waume na wake, mtu na jirani yake. Sauti ikatoka nyuma, "Kumbe ile kamba uliyoniuzia mikono kumi, ilikuwa mikono ya nani?" na nyingine ikajibu, "Usianze." Mzee mmoja akauliza kuhusu shamba lililopimwa kwa hatua za marehemu baba yake, ambaye alikuwa na kigugumizi cha miguu, akipiga hatua fupi kwa wengine na ndefu kwake. Hapo mwenyekiti aligonga meza kwa nguvu zote, maana mambo ya mashamba yangefunguka, hata mwaka usingetosha.

"Mwezi mmoja," alisema haraka. "Msitu ubaki umefungwa. Jiko la kupimia litakuwa la huyu mama aliyelalamika. Likitoa moshi, tunafungua bila mjadala. Na yeye mwenyewe ndiye atakayetoa taarifa."

Wale wa mashoka wakamtazama Redio kwa matumaini makubwa.

Mwezi ule sitaki kuusimulia wote, maana ulikuwa udongo mtupu. Majiko ya mchimba yalipunguzwa kwa kuongezewa udongo ndani, isipokuwa la yule mzee, ambaye aliomba ajengewe jipya pembeni kwa sababu vifaranga walikuwa wametotolewa wote tisa. La Redio lilivunjwa, safari hii kwa ridhaa yake, akalia kidogo. Mama mkubwa alijenga na fundi cherehani. Alipofika kwenye mlango alifanya alivyofanya maisha yake yote, akatandaza mkono na kuuweka kwenye udongo, hata hakuwa anafikiri.

Fundi cherehani akamgusa kifundo. "Mama. Spoku."

Mama mkubwa akautazama mkono wake. Akauondoa, akaufuta kwenye gauni, akaichukua spoku akaiweka pale. Ilipungukiwa nusu kidole na pale alipokuwa ameweka mkono.

"Leo nimeivuta shubiri," akasema.

"Kidogo tu, mama."

"Kata mgomba kwa kipimo cha spoku."

Siku ya mkutano wa pili Redio alikuja amechelewa, na uso wake haukuwa mzuri. Wale wa mashoka wakakaa wima. Mama mkubwa aliacha kupumua, naweza kusema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimebanwa kati yake na mkunga, na upande wake haukutikisika. Mkunga akainamisha sikio.

"Nina malalamiko," Redio akaanza.

"Jibu kwanza," mwenyekiti akasema. "Moshi upo au haupo?"

"Mwenyekiti, niache nimalize. Zamani wifi yangu akija, nilikuwa nawasha jiko, anakohoa mara tatu, anakumbuka ana safari. Sasa anaingia asubuhi, anakaa palepale jikoni, ananyoosha miguu, anasema pako vizuri. Jana amekula mara tatu. Leo nimemwacha hukohuko, anauliza mchana tunapika nini."

"Moshi, mama. Upo?"

"Ungekuwepo angekuwepo yeye? Haupo. Hata wa kuombea, haupo. Ndiyo maana nauliza, kikundi kinanisaidiaje?"

Mwenyekiti aliandika kwenye daftari kwamba msitu unabaki umefungwa, akagonga muhuri. Suala la wifi akalipeleka kwa kikundi. Mama mkubwa alisimama, akafikiri sana, akasema watampa Redio moja ya zile filimbi za msitu.